Matabaka yamekunjwa, yamekunjika au yamekunjamana?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Nikieleza milima ya Andes ilivyotokea, niseme mabamba ya dunia yamegongana milima ikakunjwa, ikakunjika ama ikakunjamana? Na kuna wanaosema sahani badala ya bamba, ipi sahihi?"

Marahaba. Nianze na bamba manake hilo ni fupi. Shika bamba. Ni kitu kigumu kilichotandaa, upana wake mkubwa kuliko unene, kama bamba la chuma, na ndivyo vipande vya tabaka la juu la dunia vilivyo. Sahani imetokana na kutafsiri neno la Kiingereza "plate" lenye maana zote mbili, ila sahani yetu ni ya kupakulia chakula tu. Na tafadhali ni bamba la, mabamba ya, sio "bamba ya".

Kugongana sasa. Ile -ana mwishoni inasema kila mmoja anamtenda mwenzake. Kwa India na Asia inakaa vizuri kabisa, zilipokutana kama miaka milioni 50 iliyopita zote mbili zilikuwa ardhi ya bara, nyepesi, hakuna iliyozama kirahisi, zikabanana na kusukumana mpaka Himalaya ikapanda. Andes ni habari nyingine, pale bamba la Nazca lililo chini ya bahari ya Pasifiki ni zito kuliko bara la Amerika Kusini kwa hiyo linapita chini yake, sentimita 7 hivi kwa mwaka, na likishafika chini sana maji yaliyoshikwa kwenye miamba yake yanatoka, yanapanda juu na kufanya mwamba wa moto ulio juu yake uanze kuyeyuka, volkeno za Andes zinaanzia hapo. Ukisema "yamegongana" sarufi hujaivunja, lakini umeficha nani anazama nani anabaki juu, na hilo ndo jambo lenyewe! Andika "bamba la Nazca linazama chini ya bara". Linazama, sio lilizama, maana halijaacha mpaka leo: tetemeko la Chile la 1960, lenye ukubwa wa 9.5 na kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, lilitokea kwenye mpaka huo huo.

Tuje kwenye kukunja. Kinachokunjwa ni miamba, sio mlima. "Milima iliyokunjwa" inanifanya nione mlima uliokuwepo tayari afu ukaja kukunjwa, wakati mlima umezaliwa na huko kukunjwa kwenyewe. Sema "matabaka ya miamba yamekunjwa na mgandamizo" ukitaka kumtaja mtendaji, "yamekunjika" usipotaka kumtaja. Kunjamana mi naipenda zaidi kwa kueleza kinachoonekana leo, mikunjo mingi imesongana na imebaki hivyo, kama uso wa mtu mzee sana au shuka uliyoamkia, na ile -ama- yake ndo ile ile ya inama na shikamana, inaonyesha kitu kimekaa katika hali fulani.

Kwa hiyo "milima ya kukunjamana" ni sawa, ila kwa Andes ni nusu ya habari, maana Ojos del Salado, mlima wa huko huko Andes wenye zaidi ya mita 6,800, ni volkeno. Wewe andika "safu ya milima ya mikunjo na volkeno".