Hegel hakusema sanaa imekufa

Husemwa mara nyingi kwamba Hegel, mwanafalsafa Mjerumani, alitangaza kifo cha sanaa. Hapana, hayo si maneno yake. Katika mihadhara yake ya Berlin kuhusu sanaa Hegel alisema kwamba sanaa, kwa upande wa wito wake wa juu kabisa, kwetu ni jambo lililopita. Wagiriki waliijua miungu yao kupitia sanamu na mashairi. Watu wa zama za Hegel waliutafuta ukweli huo katika dini na falsafa. Sanaa yenyewe alitumaini itazidi kupanda. Ila angalia: yeye alifariki 1831, na kitabu cha mihadhara hiyo tunachosoma kilihaririwa na mwanafunzi wake Hotho, 1835 hadi 1838, kutokana na madaftari ya mwalimu na ya wanafunzi. Ukitaka kubishana juu ya neno mojamoja, linganisha kwanza na daftari la mihadhara ya 1823.