Babu mkubwa hakufika Burma

Mwanangu,

Ile Jumapili uliniuliza kwenye simu: "Mama, nimepekua orodha ya makaburi ya Burma usiku kucha na babu mkubwa hayumo. Kweli alikwenda?" Nikakuambia mtandao unasumbua, tutaongea. Mtandao ulikuwa mzima. Nilitaka kwanza kuitazama ile picha.

Unaikumbuka, iliyokaa juu ya kabati la nyanya kule Wundanyi: kijana mwenye kofia pana iliyokunjwa ukingo upande mmoja, mikono kaibandika magotini kama mtoto aliyeonywa asiguse kitu. Nimeitoa kwenye fremu. Nyuma, kwa penseli, pana nambari na herufi tatu: EAA. Tangu utoto wangu tulidhani ni alama ya mpiga picha. Kumbe ni East African Artillery, jeshi la mizinga. Sisi hapa kila askari wa vita vya Hitler tulimwita Keya, yaani wa King's African Rifles, jeshi la miguu, na kila Keya ambaye hakurudi tukasema amebaki Burma. Ndipo tulipopotelea.

Nikaenda kanisani. Karani alinitolea daftari la ubatizo, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Mstari wake upo, na pembeni mtu mwingine, kwa wino mwingine, ameandika: "Amekufa baharini, 1944." Nilimaliza shule ya msingi hatua hamsini kutoka kabati lile, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Baharini, 1944, mizinga. Hayo matatu yanakutana mahali pamoja. Mapema Februari mwaka huo kikosi cha 301 cha mizinga kilipanda meli Mombasa, ikiitwa Khedive Ismail, kuelekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa likijiandaa kwa vita vya Burma. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,500. Ilizama kabla dakika mbili hazijaisha, wakaokolewa 214. Manowari zilizoisindikiza zikaanza kuisaka nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji, na waliookoka wangali wanaelea pale pale. Hapo niliifunga simu nikaenda kukamua ng'ombe.

Bado jina. Ofisi moja niliyokwenda iliniambia faili za miaka hiyo zililiwa na mchwa, halafu ikanitoza hela ya kutafuta. Kilichonisaidia ni ile nambari ya nyuma ya picha, nilipoitafuta kwenye orodha ya waliokufa. Wewe ulikuwa unatafuta kwenye M, kama mtu yeyote wa Taita angefanya. Aliyemwandikisha jeshini aliikata ile "Mwa" ya mbele, sijui aliona ni mapambo, akaandika kilichobaki. Nambari ni ile ile, tarakimu kwa tarakimu, na kikosi ni 301. Hayumo kwenye orodha yako kwa sababu ukumbusho wake uko Nairobi.

Nilipanda basi. Ukifika Ngong Road, kwenye makaburi ya vita, kuna ukumbusho wa wale wasio na kaburi. Majina yao yamechongwa, nao wa Khedive Ismail wamo. Mtunza bustani aliniachia kiti chake cha plastiki nikakaa. Nililitafuta kwa kidole, nikalikuta, nikaligusa pale mbele ambapo "Mwa" ilistahili kuwepo.

Nikirudi mjini nilipita Kenyatta Avenue, kwenye zile sanamu tatu za shaba. Pale hakuna jina hata moja. Wa vita vya 1914, na hasa wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps tuliowaita Kariakoo, waliokufa kwa maelfu, walikusanywa wote katika sentensi moja. Angekuwa amezaliwa miaka thelathini mapema, mimi na wewe tungekuwa tunatafuta hewa.

Tarehe aliyoingia jeshini sijaipata. Najua tu kwamba kabla ya hapo alikuwa akikata mkonge huku chini Mwatate, kwa hiyo kipande, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni, alikuwa nacho, shingoni, na kipande kingetuambia mengi. Kilikwenda naye majini au kiliachwa kambini, hakuna wa kusema.

Shangazi yangu nimemwambia jana. Alikuwa mtoto wa miaka sita kaka yake alipoondoka, na anachokumbuka ni buti tu, namna zilivyolia kwenye mawe. Nilimweleza yote polepole, meli, nyambizi, ukumbusho wa Ngong Road. Alinyamaza muda mrefu nikafikiri amesinzia. Kisha akaniuliza kama maji ya huko ni ya baridi.

Nilimwambia ni ya joto, karibu na ikweta, kama ya Mombasa. Akasema basi, nimwongezee chai.

Mama