Tumbo likifura ghafla na ushuzi ukakata

Ujumbe wa msomaji mmoja umeniuma. Baba yake mdogo alifikishwa hospitali tumbo limefura kama ngoma, akapitishiwa mpira njia ya haja kubwa, hewa ikatoka, tumbo likanywea. Kesho yake akarudishwa nyumbani, "amepona". Miezi miwili haikuisha, tumbo likafura tena usiku wa manane, na safari hii alipopasuliwa utumbo ulikuwa umeshaoza. Anauliza walikosea wapi.

Hakuwa amepona. Utumbo wake ulikuwa umejisokota, ukafunguliwa tu.

Mwisho wa utumbo mpana, chini kushoto, kuna kipande kinachoning'inia kiitwacho sigmoidi. Kwa baadhi ya watu ni kirefu mno, na shina linalokibeba, ambamo mishipa ya damu hupita, ni jembamba. Kikijaa, huzunguka shina hilo kama kikapu kwenye kamba moja. Nusu mzunguko hukwamisha choo na hewa. Mzunguko mzima husonga mishipa: vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hubanwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini, damu inaingia lakini haitoki, utumbo unavimba na kuwa zambarau. Ateri, mshipa unaoleta damu, nayo ikizibwa, utumbo unakufa.

Kwenye eksirei sigmoidi iliyojisokota huonekana kama punje kubwa ya buni. Mgonjwa akiwa hana homa, tumbo halijakakamaa na mapigo hayaendi mbio, daktari hupitisha bomba la kuchungulia hadi penye msokoto, mara nyingi sentimita 15 hadi 20 kutoka mlango wa haja kubwa, kisha mpira laini uliopakwa mafuta. Hewa na choo cha majimaji hutoka kwa kishindo, kwa hiyo ndoo iwe tayari. Mpira hufungwa kwa plasta kwenye paja na kubaki siku 1 hadi 3. Ukichomolewa mapema, utumbo hujisokota tena. Ndani pakionekana weusi au maji ya damu, kazi ya mpira imeishia hapo, ni upasuaji.

Hapo ndipo baba mdogo alipopotezwa. Takriban nusu ya wanaotolewa hewa bila kukatwa sigmoidi hurudiwa, pengine zaidi. Kama mwili unahimili upasuaji, kipande hicho kikatwe kabla mgonjwa hajatoka wodini. Familia inayoambiwa "nendeni, mtarudi" iulize: tarehe gani?

Kuna hali adimu na kali kuliko hiyo, nayo Afrika Mashariki inaijua: utumbo mwembamba unajizungusha kwenye shina la sigmoidi na kupiga fundo. Wengi ni wanaume wanaoshinda na njaa kisha wakala mlo mmoja mzito na vinywaji tele. Chakula hulemea sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ikaangukia kushoto, na sehemu ya chini iliyo tupu ikaizunguka sigmoidi. Msokoto wa kawaida huchelewa kuleta matapishi. Fundo huyaleta mapema, pamoja na maumivu makali, jasho baridi na presha kushuka. Tumbo linaweza lisifure sana, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Mpira haufungui fundo, na saa chache tu zinatosha kuozesha sehemu zote mbili za utumbo.

Maandalizi ya upasuaji yafanywe haraka: sindano mbili nene za dripu, mpira wa puani, dawa za kuua vijidudu, damu ya akiba, na mpira wa mkojo. Mtu wa kilo 60 atoe mkojo angalau mililita 30 kwa saa. Mezani, fundo lililooza halifunguliwi. Likifunguliwa, sumu na potasiamu zilizonaswa humwagika kwenye damu, na moyo unaweza kusimama mgonjwa akiwa ndani ya nusu kaputi. Mishipa hubanwa kwanza, kisha fundo lote hukatwa pamoja. Utumbo mwembamba huunganishwa, na kwa mgonjwa aliyezidiwa utumbo mpana hutolewa nje kwenye mfuko wa choo kwa muda.

Ndugu zangu, acheni kumpa haluli wala mafuta ya nyonyo mtu ambaye tumbo limefura na hajambi. Mnaongeza msukumo kwenye njia iliyofungwa. Msimkande, msiseme ni chango mkasubiri asubuhi. Asile wala asinywe. Andikeni kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza na saa ya mwisho alipotoa hewa, mkaikabidhi mapokezi. Karatasi hiyo inamwonyesha daktari muda uliobaki.

Kwa aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, muulizeni daktari ni sentimita ngapi zilizoondoka. Zikizidi 60, vitamini B12 hainyonywi vizuri. Akiba ya ini hukaa miaka kadhaa, kwa hiyo ganzi ya miguu na upungufu wa damu huja wakati upasuaji umeshasahaulika. Sindano ya B12 aina ya haidroksokobalamini, mikrogramu 1000 kila baada ya miezi 3, huzuia hayo, na iandikwe kwenye kadi yake siku anayotoka wodini.