Kabla Hujasimulia Uraibu Wako Jukwaani, Usimulie Nyumbani

Wiki iliyopita kijana mmoja mchekeshaji aliniandikia ujumbe mrefu. Ameacha pombe na vidonge vya usingizi miezi michache iliyopita, akili imemtulia, na sasa anataka kuandaa onyesho la saa nzima kuhusu maisha yake: namna alivyonaswa, namna mama yake alivyouza vitu vya ndani ili kumlipia matibabu, na namna mapromota walivyoendelea kumpandisha jukwaani hata pale aliposhindwa kusimama sawasawa. Baada ya maelezo yote hayo, swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nianzie wapi?"

Anzia nyumbani. Najibu hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, na tangu onyesho langu kuhusu uraibu wangu lilipojaza ukumbi jioni tatu mfululizo, swali hili limekuwa likinijia kwa sura mbalimbali.

Wako watakaomwambia kijana huyu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nami siwapingi, kwa kuwa nisingekuwa hai leo kama ningeendelea kuficha. Lakini kumfunulia daktari, ndugu, au kundi la watu wanaopata nafuu pamoja nawe ni jambo moja, na kuwafunulia watu mia tatu waliolipa kiingilio ili wacheke ni jambo jingine kabisa. Wale wa kwanza watakuuliza kesho yake umeamkaje. Hawa wa pili watarudi makwao, na wana haki ya kufanya hivyo.

Mimi sikuanza kunywa kwa sababu ya huzuni, kama watu wanavyopenda kudhani kuhusu wachekeshaji. Nilianza kwa raha ya kazi. Mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani hawezi kuielewa kwa urahisi hali ya mwili baada ya onyesho zuri: moyo unadunda, damu imechemka, masikio bado yamejaa vicheko, na ni saa sita za usiku, wakati kila mwenye kazi ya kawaida amekwisha lala. Mwili unakataa kutulia, na pombe huutuliza. Usiku unaofuata mwili umechoka, ukumbi umejaa, na nyuma ya jukwaa hakosekani mtu mwenye kitu cha kukuamsha. Katika miaka yangu ya mwanzo sehemu kubwa ya malipo ilikuwa vinywaji vya bure, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kila mchekeshaji niliyemheshimu alilipwa vivyo hivyo.

Baadaye mikono ikaanza kunitetemeka kila jioni kabla sijapata kinywaji cha kwanza. Hiyo ndiyo sababu niliacha kuishika maikrofoni. Niliiacha kwenye stendi yake, nikaiweka mikono nyuma, vidole vimefumbatana kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama, na watazamaji wakaona kwamba huo ni mtindo wangu mpya. Mwandishi mmoja aliusifu utulivu wangu gazetini. Katika chumba cha kusubiria nilikuwa na chupa ya chai ambayo haikuwahi kutiwa chai, na mfukoni nilikuwa na peremende za mnanaa za kutosha darasa zima la watoto.

Kipindi cha matibabu nitakipita haraka, kwa sababu siku zake zinafanana na hazina kisa cha kusimulia. Nililazwa, nikatoka, nikarudi, na mara ya mwisho nikatulia. Ninajivunia jambo hilo kuliko tuzo yoyote niliyowahi kupewa, na sioni haya kulisema.

Mnaotaka kusimulia mambo haya mna mwalimu ambaye hamwezi kumruka, naye ni mchekeshaji Richard Pryor wa Marekani. Alizaliwa Peoria mwaka 1940, akalelewa na bibi yake aliyekuwa akiendesha danguro, na hakuna kitu alichokiona utotoni ambacho hakukifikisha jukwaani. Juni 9, 1980, akiwa amezama katika kokeini, aliungua vibaya sana nyumbani kwake mjini Los Angeles na kuponea chupuchupu. Mwaka 1982 lilitoka onyesho lake lililorekodiwa ambamo aliligeuza bomba la kuvutia kokeini kuwa mhusika anayezungumza naye kwa sauti ya rafiki mwema, na mimi nimelitazama mara nyingi nikijifunza namna anavyovuta pumzi kabla ya neno. Hata hivyo, kwamba alijimwagia pombe kali mwenyewe na kujiwasha moto alikuja kulieleza kwa urefu katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1995. Miaka 15 ilipita kati ya moto na maelezo hayo. Kama mtu mwenye kipaji cha namna ile alihitaji muda huo wote, wewe mwenye miezi michache unakimbilia wapi?

Simaanishi kwamba usubiri miaka 15. Ninamaanisha kwamba kidonda kibichi hakionyeshwi hadharani, kwa sababu kila anayekitazama atataka kukigusa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mweleze kisa chako mtu mmoja unayemwamini, bila mzaha hata kidogo, kisha jiangalie wewe mwenyewe usiku huo unalalaje. Ukijikuta unatafuta chupa, kisa hicho hakijawa tayari kwa jukwaa, hata kama kinachekesha namna gani. Ukilala vizuri, endelea na hatua ya pili, ambayo ni ngumu zaidi.

Hatua hiyo ni kuwasomea waliokuwemo ndani ya kisa. Mama yetu amekwisha fariki, kwa hiyo hawezi kukubali wala kukataa, na mwenye kumsemea ni dada yangu mkubwa. Nilikwenda kwake na karatasi zangu. Alikuwa akipiga pasi, nami nikasoma nikiwa nimesimama, kipengele baada ya kipengele. Alicheka mara kadhaa, kicheko cha kweli. Nikafika kwenye kisa cha usiku ambao Mama alinifungia ndani ili nisitoke kwenda kunywa, nami nikapita dirishani na kuondoka na kiatu kimoja. Ni kisa ambacho nilikwisha kukijaribu mbele ya wenzangu, na kilikuwa kinaangusha ukumbi. Dada aliisimamisha pasi wima, akazima umeme, akasema, "Wewe ulitoka dirishani, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyebaki ndani na Mama, akilia mpaka alfajiri, na asubuhi nilikuwa na mtihani."

Sikuwa nikilijua hilo. Nilikuwa nikiimiliki hadithi ya dirisha kwa miaka mingi bila kujua kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na nusu yake nyingine. Dada hakuniomba nikifute kisa. Aliniomba nimtaje, na akaniomba niondoe jambo moja jingine linalomhusu Mama, ambalo nililiondoa siku hiyohiyo na ambalo sitaliandika hapa wala popote. Leo, ninapofika dirishani, ukumbi unacheka, halafu ninarudi ndani ya chumba na kuwaonyesha aliyebaki, na hapo ninasikia watu wakinyamaza kwa namna ambayo hakuna mzaha wangu mwingine umewahi kuwanyamazisha. Sehemu hiyo ni ya dada. Nimempa sehemu ya mapato yake, na ninawashauri nanyi mfanye hivyo kwa walioteseka pamoja nanyi, kwa sababu kicheko kinachouzwa kina jasho la watu zaidi ya mmoja.

Utakapozungumza nao, acha uchekeshaji mlangoni. Desemba 2020 rafiki zake John Mulaney, mchekeshaji wa Marekani, wengi wao wakiwa wachekeshaji wenye majina makubwa, walimkusanyikia kumsihi aende kutibiwa, na yeye mwenyewe alisimulia katika onyesho lake la mwaka 2023 kwamba walikuwa wamepatana wasifanye mzaha. Watu ambao kuchekesha ndiyo riziki yao waliona kwamba saa ile haikuwa ya kuchekesha. Ndugu zako nao wamechoshwa na mizaha yako. Kwa miaka mingi uliitumia kukwepa maswali yao, na wakikuona umeingia na tabasamu la jukwaani watadhani umelewa tena.

Sasa niseme kuhusu mapromota, na hapa mtaniwia radhi, kwa sababu bado inaniuma. Nilipopata nafuu, mtu mmoja aliyekuwa akinipa kazi kwa miaka mingi, na aliyekula vizuri kwa jasho langu, alinitazama jukwaani mara moja, kisha akaniambia nimekuwa mkavu. Alisema watazamaji wanamtaka mlevi wao. Hakunipigia simu tena. Kwa muda nilijiuliza usiku kama alikuwa na haki, na wapo wachekeshaji wenzangu, watu niliowasaidia walipokuwa hawana pa kupanda, walioyarudia maneno yake nisipokuwepo. Niliambiwa. Leo kumbi hizo zinanipigia zenyewe.

Biashara ya burudani husahau upesi mno. John Belushi, mchekeshaji wa Marekani aliyepata umaarufu katika kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, alifariki Machi 5, 1982 kwa mchanganyiko wa kokeini na heroini, akiwa na umri wa miaka 33. Chris Farley, aliyemwona Belushi kama kielelezo chake na kupanda kupitia kipindi hichohicho, alifariki Desemba 18, 1997 kwa kokeini na mofini, naye akiwa na miaka 33. Wote wawili walipendwa kwa kujitupa huku na huko mbele ya watu kama wasio na mfupa, na wote wawili walikuwa wamezungukwa na watu waliofahamu kinachoendelea. Promota atakayekuambia ushike chupa jukwaani ili kunogesha kisa, hata kama ndani yake ni maji, mkatalie. Atakayekulipa kwa vinywaji, mwambie unataka fedha, na uyaandike hayo kwenye mkataba. Atakayetangaza onyesho lako kwa picha yako ukiwa umelewa, mwondolee ruhusa ya kutumia jina lako. Waheshimu mama zenu, vijana, muwalinde, na msikubali aibu yao igeuzwe tangazo la kuuzia tiketi. Hakuna umaarufu unaolipa deni la namna hiyo.

Limebaki jambo ambalo kijana huyu hakuniuliza, kwa sababu bado hajalipitia. Onyesho likiisha, watu watakusubiri kwenye mlango wa nyuma. Wachache watataka picha. Wengine watasubiri mpaka wa picha waondoke, na mmoja wao atakuambia kwa sauti ya chini kwamba naye anakunywa, au kwamba mume wake anavuta unga, na kwamba kwa sababu yako ameamua kuacha kesho. Utafurahi, na utataka kumkumbatia na kumwambia aende akaache mara moja. Usimwambie hivyo. Mtu aliyekuwa akinywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege katika siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, na hata kufa. Vidonge vya usingizi vilivyozoewa mwilini navyo vina hatari kama hiyo. Anayevuta au kujidunga heroini atateseka sana na arosto, yaani maumivu ya mwili unaodai dawa uliyoizoea, ingawa kinachowaua wengi ni kurudia kiasi chao cha zamani baada ya kukaa bila kutumia, wakati mwili umekwisha poteza uzoefu. Na ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini ikiwahi kutolewa. Hayo yote ni kazi ya daktari, nawe si daktari.

Mimi hutembea na karatasi ndogo zenye namba za kliniki na za vikundi vya wanaopata nafuu, na humpa kila anayenisogelea kwa shida ya aina hii, kisha ninamwomba ahudhurie kesho yake asubuhi akiwa bado anaendelea kama alivyozoea, ili wao ndio wampangie namna ya kupunguza. Halafu ninamuuliza ni nani atakayemsindikiza, na siondoki mlangoni mpaka anitajie jina.