Bunduki ya Mjomba Ina Bei Gani? Maswali Yenu Kuhusu Silaha za Kale

Toleo lililopita tuliandika kidogo kuhusu vita ya Mahiwa (Wajerumani na Waingereza, huku huku Lindi) ya Oktoba 1917, tukagusia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna watu wananunua bunduki za zamani mnadani kwa hela ndefu. Kumbe tumechokoza mzinga. Meseji zimemiminika toka Lindi mpaka Newala, na nyingi zinauliza kitu kimoja tu, "yangu itanipa ngapi?" Tumechagua chache.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi niko Nyangao, tulikuwa tunachimba mashimo ya mikorosho tukakuta bunduki imeliwa na kutu, mbao imeoza yote kimebaki chuma. Kuna jamaa katoka Dar anasema ni ya Mjerumani na bunduki kama hiyo Marekani imeuzwa mabilioni, anataka laki tatu ya vipimo afu alete mteja. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata mia, kaka. Huyo ni tapeli yule yule wa rupia na mali za Mjerumani, kabadilisha bidhaa tu. Dalali wa kweli hachukui hela ya vipimo kwa mwenye mali, anakula kamisheni mzigo ukishauzwa.

Na kabla ya habari ya hela, hicho chuma acheni hapo hapo, msikivute wala msikigonge gonge kutoa udongo, maana chemba inaweza kuwa na risasi ndani na risasi ya zamani haina adabu. Mwambie mtendaji wa kijiji, yeye ataita polisi.

Sasa hayo mabilioni. Hajadanganya yote, kasema nusu. Agosti 2021 kampuni ya mnada ya Bonhams waliuza Los Angeles bastola ya Colt kwa zaidi ya dola milioni 6, kwa hela yetu ni mabilioni zaidi ya kumi. Lakini Colt za aina ile zimetengenezwa kwa wingi tangu 1873 na nyingi zinauzwa kwa dola elfu kadhaa basi. Ile ilikuwa ndo aliyoshika sherifu Pat Garrett akamuua Billy the Kid, jambazi maarufu wa Marekani, mwaka 1881, na kilichopandisha bei ni ushahidi: namba yake inajulikana, na mjane wa Garrett aliipigania mpaka mahakamani miaka ya 1930 akashinda, kwa iyo makaratasi yapo. Ukiondoa makaratasi unabaki na bastola kuukuu kama nyingine.

Nikutendee haki, upo mfano unaofanana na wako kabisa. Ufaransa, miaka ya 1960, mkulima aliokota bastola shambani pale Auvers-sur-Oise, imeliwa na kutu hata kushika inatia huruma. Juni 2019 ikauzwa Paris euro 162,500 wakati makadirio yalikuwa 40,000 mpaka 60,000. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mashamba hayo ndo mchoraji Van Gogh alijipiga risasi mwaka 1890, na kutu ilionyesha imelala ardhini miaka mingi, na ukubwa wa risasi yake unaendana na ulioelezwa na daktari wa wakati ule. Uhakika wa asilimia mia haupo hata leo, ila watu walilipa.

Yako haina Van Gogh. Bunduki ya kuchimbuliwa bila mbao, hata iwe ya vita ya kwanza ya dunia, wenzetu wanaiuza kama pambo la ukutani, dola makumi au mia chache. Na usiwe na haraka ya kusema ya Mjerumani. Mahiwa walipigana askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na jeshi la Mwingereza lenye Wanaijeria na KAR (King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki) ndani, bunduki zilidondoka za pande zote. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba, Lettow kavuka Ruvuma kaenda kuwapokonya Wareno silaha pale Negomano, Msumbiji, na alipojisalimisha mwaka 1918 bunduki za askari wake karibu zote zilikuwa za Waingereza na Wareno. Bunduki zao za Kijerumani za mwanzo, Mauser za modeli ya 1871, walishazichoka, zilikuwa zinatumia baruti nyeusi, ukipiga moja moshi unakutangaza ulipo.

SWALI: Mjomba wangu amefariki huku Newala, kwa mila zetu vitu vya mjomba vimekuja kwangu, kuna gobore alikuwa anawindia nguruwe pori. Wazee wanasema ni la tangu enzi za Waarabu. Thamani yake?

JIBU: Pole na msiba. Gobore umerithi, kibali hujarithi. Kibali ni cha mtu, kinaisha na mtu, na gobore bila kibali kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni kosa la silaha kama silaha nyingine, hakimu hatakuuliza limetoka kwa mjomba au kwa shangazi. Kama mjomba alikuwa na kibali peleka gobore na makaratasi yake polisi wilayani ueleze, kama hakuwa nacho ulizia utaratibu wa kusalimisha kwa hiari, jeshi la polisi hutangaza msamaha mara kwa mara na ukienda mwenyewe ni tofauti sana na kufuatwa.

Haya, thamani. Magobore yaliingia pwani hii kupitia Unguja kwa maelfu na maelfu karne ya 19, mengi yametengenezwa Birmingham Uingereza na Liège Ubelgiji kwa ajili ya biashara ya Afrika, mpaka mkataba wa Brussels wa 1890 ukajaribu kufunga bomba hilo la silaha. Mkiwa pale polisi, mwombe anayekagua atazame mtutu upande wa nyuma karibu na tundu la fataki. Kukiwa na herufi ELG ndani ya duara refu kama yai, limepimwa Liège, na kama juu ya yai kuna taji basi ni la 1893 kuja juu, kwa iyo hadithi ya enzi za Waarabu inapungua uzito. Neno TOWER na taji kwenye bamba la kifyatulio ni alama ya Kiingereza, ila Wabelgiji nao waliigonga kwa kuiga maana iliuza. Feki za kichina hazikuanza juzi.

Likiwa zima, mbao yake ya asili na alama zinasomeka, huko nje ni dola mia chache. Likiwa limefungwa waya, mtutu umebadilishwa na bomba la maji na fundi wa kijijini, mnadani halina bei, ingawa mimi kwa macho yangu hilo ndo zuri zaidi, maana lina mkono wa fundi wetu na makumbusho wangelitaka kuliko lile la Birmingham.

SWALI: Kwenye hiyo minada mwenye mali anabaki na ngapi? (Lindi mjini)

JIBU: Wewe wa kusini huhitaji somo refu, umeshauza korosho stakabadhi ghalani, unajua bei inayotangazwa mnadani na inayoingia kwenye akaunti ni ndugu wasiosalimiana. Kule makato yanakatwa pande zote mbili. Mnunuzi anaongezewa ada juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho nyundo inapogonga, mara nyingi robo au karibu na hapo, na muuzaji naye anakatwa kamisheni, picha ya katalogi, bima, usafiri. Ile bastola ya Van Gogh nyundo iligonga kwenye euro 130,000, hizo 32,500 za juu ni ada ya mnada, muuzaji hakuziona. Kwa hiyo ukisoma gazetini bunduki imeuzwa kiasi fulani, ujue kwa kawaida ni bei ya nyundo pamoja na ada. Afu kuna bei ya chini ambayo muuzaji anaiweka kwa siri, isipofikiwa mali inarudi nyumbani na hakuna anayeandika habari hiyo.

SWALI: Bunduki ya babu ina kibali lakini imepauka, nikiipiga msasa na vanishi itapanda bei?

JIBU: Itashuka, tena inaweza kushuka nusu. Wakusanyaji wanalipia ule weusi na ukahawia wa miaka, wanataka bunduki isiyoguswa na namba zote zilizogongwa kwenye vyuma zifanane. Mnunuzi anaweka lenzi kwenye maandishi, akikuta herufi zimekuwa za kina kifupi na kona za chuma zimelainika kama sabuni iliyotumika, anajua msasa umepita na anaondoka. Kitambaa na mafuta kidogo, inatosha.

SWALI: SMG za enzi za FRELIMO huku Nachingwea nazo ni antiki?

JIBU: Hapana. Hiyo ni silaha ya kivita, usiitafutie mteja, usiipige picha, ukiiona au kusikia ilipo nenda polisi leo.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Masasi. Ofisini tuna bunduki ukutani na kibao "Majimaji 1905". Mtalii aliyefikia Mikindani katoa ofa ya dola 1,000, tunataka madawati. Pale shingoni mwa kitako kuna pete ya chuma yenye taji, herufi GR na 1916. Tuuze?

JIBU: Mwalimu, madawati tunayaelewa, ila hapana. Kumuuzia mtu silaha mkononi bila polisi ni kosa, na kutoa mali ya kale nje ya nchi kunataka kibali, tuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964. Na sio ushamba wetu. Julai 2024 Ufaransa waliuza bastola mbili za Napoleon kwa euro milioni 1.7 hivi, na kabla tu ya mnada serikali ikazitangaza hazina ya taifa, mwenye hela anazimiliki lakini kuzitoa nchini moja kwa moja hawezi, na serikali ina miezi 30 ya kutoa ofa izinunue. Sisi wa huku mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru iko Berlin toka kabla ya vita ya kwanza ya dunia, tunajua kitu kikishapanda meli kinavyorudi.

Halafu hiyo pete imeshakujibu. GR ni mfalme George wa Tano, kakalia kiti mwaka 1910, na Majimaji iliisha 1907. Hiyo ni Lee-Enfield ya Mwingereza, zilitengenezwa kwa mamilioni na huko nje ya kawaida inaenda kwa dola mia kadhaa, kwa iyo mtalii naye amenunua hadithi ya kibao. Mwambieni OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) aje aihakiki na kuwaelekeza kibali, waandikieni Makumbusho ya Taifa, na kile kibao kishusheni.