Uliza Mama Stoo: Bosi Anataka Gari la Pili

SWALI: Mama Stoo, salamu nyingi. Nasimamia timu ya watu wanane kwenye bekari ndogo hapa Industrial Area, Nairobi. Tunapeleka mikate Umoja, Kayole na Dandora. Tangu Januari mikate inayorudishwa imezidi, na bosi ameshaamua tununue gari la pili. Mkutano wa Jumatatu umekuwa kelele tupu: dereva analaumu msongamano wa barabara ya Outer Ring, wa tanuri wanalaumu unga, wa mauzo wanataka bei ishushwe. Tulijaribu hata ile mbinu ya Toyota ya kuuliza "kwa nini" mara tano ili kufikia chanzo cha tatizo, tukaishia kumwandikia tanboi (msaidizi wa dereva) barua ya onyo. Nianzie wapi? (Msimamizi, Industrial Area)

JIBU: Maskini tanboi! Mbinu yenyewe haina ubaya, ila mliichukua nusu. Taiichi Ohno, mmoja wa waliojenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alijulikana kwa kuchora duara la chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mtu humo atazame kazi kwa saa nyingi. Maswali yalifuata macho. "Kwa nini" ikiulizwa ofisini, chai mkononi, huishia kuwa "ni nani", na huyo nani huwa ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Sasa niambie: huo mkate hurudi ukiwa na hali gani? Barua yako haisemi, na nahofia hata mkutanoni hakuna ajuaye. Nimeshika stoo ya kiwanda cha vyakula miaka mingi, na kreti ya marejesho husema mengi ukiipekua kabla haijamwagwa. Mkate wenye ukungu na matone ya maji ndani ya karatasi huenda ulifungwa ukiwa bado na joto, mvuke ukakosa pa kutokea. Hapo gari la pili litawahisha ukungu dukani, basi. Uliobonyea, tazameni mnavyopanga kreti. Lakini mkate mzima, safi, uliokauka kidogo, huo ndio wenye maneno. Ulifika saa mbili, wakati watu wa mtaa walishakunywa chai saa kumi na mbili wakaenda zao? Au mwenye duka huagiza 30 akijua atauza 20, kwa kuwa kurudisha hakumgharimu hata shilingi? Huyo hata mkimletea kwa helikopta atarudisha.

Kwa hiyo Jumatatu ijayo usiitishe mkutano. Fundi wa tanuri na mtu wa mauzo wapande gari la alfajiri pamoja na dereva, na daftari la safu nne: duka, saa ya kufika, mikate iliyorudi, hali yake. Wafanye hivyo wiki mbili, kwa zamu. Wamuulize mwenye duka mkate wake huisha saa ngapi. Wasimuulize anataka nini, maana atataka bei ishuke, nani asiyetaka? Wapitie pia maduka yaliyoacha kuagiza kwenu. Hayo hayarudishi chochote, kwa hivyo kwenye hesabu zenu yanaonekana hayana shida.

Ndipo mkae. Andikeni tatizo ukutani kwa sentensi moja: nani, wapi, lini, kiasi gani. Mfano, "Maduka ya Kayole hurudisha mikate mizima Jumatatu kuliko siku nyingine." Sentensi ikianza na "tunahitaji" au "hatuna", futeni, hiyo ni dawa iliyotangulia ugonjwa. Msishangae mkipata sentensi tatu. Pengine ndizo mlizokuwa mkizigombania kila wiki mkidhani ni moja.

Bosi naye usimwambie gari halifai, pesa ni zake. Muulize tu: "Likishanunuliwa, marejesho yatashuka hadi kreti ngapi kwa siku, na ya maduka yapi?" Akikosa jibu, mwombe hizo wiki mbili. Akikujibu, liandike jibu lake juu kabisa ya daftari, akiona.