Mbwa wetu akiitwa haji: ni ukaidi au kuna jambo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Tunaishi Tegeta, Dar es Salaam. Tuna mbwa dume anaitwa Bosco, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, ana miezi 10. Alipokuwa mdogo alikuwa msikivu sana: ukimwita anakuja mbio, ukimwambia kaa, anakaa. Siku hizi usiku tunamfungulia alinde, asubuhi akiitwa arudi bandani anatutazama tu, anasogea hatua mbili tatu, halafu huyoo, nyuma ya nyumba. Baba ameshamchapa mara kadhaa lakini ndiyo kwanza anazidi. Kukaa nako anakataa, na ukimsogelea wakati anakula ananguruma. Kaka anasema mbwa huyu anautaka ubosi, alazwe chini akandamizwe mpaka anywee. Jirani anashauri ahasiwe. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeniletea mambo matatu ambayo hapo nyumbani mmeyatia kwenye kapu moja la ukaidi, na nadhani ndiyo maana fimbo haijafua dafu. Kukataa kukaa, kukataa kuja na kunguruma kwenye chakula, kila kimoja kina chanzo chake.

Nianze na kukaa, maana hilo ndilo linalonitia wasiwasi. German Shepherd ni kati ya mbwa wanaosumbuliwa sana na kasoro ya nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake, kiungo kinalegea, kinasagika, mwishowe kinauma. Uchotara peke yake haumwondolei Bosco hatari hiyo, na dalili zinaweza kujitokeza hata kabla mbwa hajatimiza mwaka. Mtazameni anapoinuka baada ya kulala muda mrefu kwenye sakafu ya saruji. Je, anajikokota kwa miguu ya mbele? Akikimbia, miguu miwili ya nyuma inaruka kwa pamoja badala ya kupishana? Akikaa, anatupa mguu mmoja pembeni? Mkiona hata moja kati ya hayo, apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe, ikibidi apigwe eksirei, kabla hamjamwambia tena akae. Nyonga ikiuma, amri ya kukaa ni amri ya kujiumiza, na hakuna mnyama mwenye akili atakayeitii kwa furaha.

Mkague na masikio. Mbwa anayetikisa kichwa mara kwa mara, mwenye harufu mbaya au uchafu wa kahawia sikioni, hataki kushikwa shingoni, na mtu asiyejua atasema amekuwa jeuri. Inueni na mdomo wake: fizi zilizopauka, pamoja na kupe mwilini na kula kwa kusuasua, zinaweza kuwa homa ya kupe, ugonjwa ambao huku kwetu pwani si mgeni. Mbwa mwenye homa hiyo huwa mzito wa kuinuka, akiitwa anapiga mkia mara moja na kubaki pale pale.

Tuseme mwili uko salama. Basi kuna umri. Miezi 10 kwa mbwa ni ujana kamili, na ujana wa mbwa wa umbo kubwa unaweza kuendelea hadi miezi 18, wengine hadi miaka 2. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa waliokuwa wakilelewa ili baadaye wawaongoze vipofu. Mbwa wale wale waliokuwa wakitii amri ya kukaa wakiwa na miezi 5 walianza kuizembea walipofika miezi 8, ila kwa mlezi wao tu. Mgeni akiwaambia, walikaa. Wazazi wengi wanaosoma hapa watakuwa wanatabasamu. Kwa hiyo msishangae jirani akimwita Bosco na akaitika huku baba mwenye nyumba akipuuzwa.

Lakini umri hauelezi kwa nini shida iko asubuhi. Hapo pana jambo lingine, na ndilo kubwa katika swali lako.

Hebu ihesabu siku ya Bosco kwa upande wake. Usiku kucha yuko huru: ananusa ukuta, anafukuza paka, anabweka na wenzake wa mtaa wa pili. Alfajiri anasikia jina lake. Akija, mlango wa banda unafungwa na hatoki tena mpaka jioni, pengine kwa muda wa saa 12 nzima. Asipokuja, anapata dakika nyingine 20 za uhuru, tena na mchezo juu, kwa kuwa mnaanza kumkimbiza kuzunguka nyumba. Akija akiwa amechelewa, anakutana na fimbo. Mbwa huyu hajasahau mlichomfundisha. Amejifunza barabara kwamba neno lile ni tangazo la kufungiwa, na anafanya uamuzi ambao hata mimi ningeufanya.

Fimbo ndiyo inayoharibu zaidi, na hapa naomba mzee anielewe vizuri. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yaliyolifuata papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Baba anachapa kosa la kukimbia robo saa iliyopita, ila tendo la mwisho alilofanya Bosco ni kumkaribia baba. Kinachochapwa ni kule kuja. Na yale masikio aliyoyalaza, kichwa alichokiinamisha na macho anayoyakwepesha, ambayo watu husema ni mbwa kujua kosa lake, ni namna yake ya kumtuliza mtu anayemwona amekasirika.

Sasa kazi. Neno mnalotumia limeshachafuka, liacheni. Chagueni jipya, na nyumba nzima itumie hilo hilo. Siyo mama aseme njoo, kaka apige mluzi na baba aite jina kwa ukali. Chemsheni dagaa wa Mwanza bila chumvi, muwakaushe, muwe nao mfukoni. Jioni, wakati bado yumo bandani na mmesimama hatua mbili kutoka kwake, tamka neno, mpe dagaa. Neno, dagaa. Akishaanza kugeuka kwa haraka anapolisikia, hamieni uwanjani, umbali mfupi, na kila akija mpeni dagaa kisha mwacheni aende zake. Hapo kwenye kumwacha aende ndipo wengi hukosea. Mbwa lazima agundue kwamba mara nyingi akija hafungiwi. Mwiteni mara nyingi kila jioni kwa mtindo huo, muda mfupi mfupi, na mwache kabla hajachoka.

Asubuhi, kwa wiki mbili tatu za mwanzo, msimwite kabisa. Chakula chake kikuu kihamie asubuhi na kiwe ndani ya banda, mahali anapokisikia harufu. Kama haingii, aachiwe kamba nyepesi ya mita 5 au zaidi inayoburuzika mkiwa mnamwona, ili mtu aikanyage na kumsogelea taratibu. Isifungwe usiku, itanasa. Na msimkimbize. Ukitaka mbwa kijana akufuate, geuka ukimbie upande wa pili. Wengi wao hawawezi kuvumilia.

Mlango ukishafungwa, msubiri dakika chache, mfungueni tena atoke kidogo, kisha arudi. Na saa 12 za banda ni nyingi mno kwa mnyama wa aina hii. Mtu mmoja amtembeze asubuhi kwa kamba, hata nusu saa, au mmwage konzi ya dagaa kwenye nyasi azitafute kwa pua. Kazi ya pua humchosha mbwa kuliko watu wanavyodhani.

Kunguruma kwenye chakula ni jambo la tahadhari. Msimkaripie kwa hilo. Mngurumo ni onyo analolitoa kabla ya kuuma, na mbwa aliyechapwa kwa kunguruma anaweza kuacha onyo akabaki na meno. Acheni kumpokonya bakuli kumjaribu. Kila anapokula, mtu mzima apite mbali, kwenye umbali ambao haumfanyi aache kutafuna, amrushie kipande cha nyama kizuri kuliko kilichomo bakulini, aendelee na safari yake. Siku zinavyokwenda umbali unapungua. Mkipita na akakaza mwili, akaacha kutafuna na kuganda juu ya bakuli, mmekaribia mno, rudini nyuma. Watoto wasihusike hata kidogo.

Kaka naye nimwambie kwa upole. Hiyo hoja ya ubosi ilitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, kama wale ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliwaangalia kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na kuandika habari zao mwaka 1947. David Mech, Mmarekani aliyechangia kuieneza, aliwachunguza mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao, hakuna cha kupigania cheo. Kumlaza Bosco chini na kumkandamiza ni kuupeleka uso wako karibu na mdomo wa mnyama aliyeogopa. Asijaribu.

Kuhusu kuhasi: kunapunguza uzururaji wa kufuata majike, kupandapanda na kukojoakojoa kwenye kuta. Hakumfundishi mbwa kuja akiitwa. Kwa German Shepherd, kuhasiwa kabla ya mwaka mmoja kumeonekana kuendana na matatizo zaidi ya viungo, kwa hiyo hakuna haraka, hasa kabla nyonga zake hazijaangaliwa.

Mwisho, angalieni kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa leo hii, kwa sababu mnaishi na mbwa anayenguruma na anayezurura usiku. Kama imepitwa na wakati, achanjwe wiki hii. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa akibadilika ghafla ndani ya siku chache, akatokwa na mate, akashindwa kumeza, sauti ikabadilika au akaanza kuuma ovyo, msimshike na msianze mafunzo yoyote; mfungieni kama mnaweza bila kumgusa, mpigie simu daktari wa mifugo.